Panya Waliobadilishwa Jeni (utafiti wa kifafa)

Panya wadogo wa maabara ambao jeni zao zimezimwa, zimeongezwa au zimeharibiwa makusudi ili kuchunguza ugonjwa. Njia ya kuzima jeni iliyochaguliwa ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2007 Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wasichanganywe na panyabuku wa Morogoro wanaofunzwa kunusa kifua kikuu na mabomu ya ardhini. Hao ni panya wa asili.

Sukari ya ubongo

Ubongo hutegemea hasa glukosi, nayo huvushwa kutoka kwenye damu na protini iitwayo GLUT1. Mwaka 1991 Darryl De Vivo wa New York na wenzake walieleza watoto wenye kifafa ambao sukari ilikuwa ya kutosha katika damu lakini haba katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 maabara yake ilitoa panya wenye kasoro ya jeni ya GLUT1. Waliokosa nakala zote mbili za jeni walikufa tumboni. Waliobaki na moja waliishi, wakiwa na ubongo mdogo, mwendo wa kuyumba na mawimbi ya kifafa kwenye kipimo cha ubongo.

Tiba kuu ya watoto hao ni mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo, uliobuniwa Marekani mwaka 1921. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia badala ya sukari. Kwa nini hilo hutuliza kifafa? Jibu mojawapo lilitoka Boston mwaka 2012: panya waliokosa protini ya BAD, ambao neva zao hupendelea ketoni, walistahimili kemikali za kuchochea kifafa, kwa sababu milango ya potasiamu katika neva hizo hufunguka kwa urahisi zaidi.

Kyela

Katika kata kama Busale wilayani Kyela, Tanzania, penye wali na ndizi, mlo huo ni mgumu kuufuata bila mtaalamu wa lishe. Tena, kifafa kingi cha vijijini Tanzania hakianzii kwenye jeni moja. Hutokana na malaria kali ya utotoni, tegu wa nguruwe, madhara ya uzazi mgumu na, kwenye mito yenye inzi weusi wadogo wanaoueneza, ugonjwa wa usubi. Kyela na Rungwe zimo katika eneo la usubi la Tukuyu. Uhusiano wa usubi na kifafa umechunguzwa sana Mahenge, alikoanzisha kliniki daktari Louise Jilek-Aall. Panya wa kawaida hasaidii hapo, kwa kuwa mnyoo wa usubi haukamilishi maisha yake ndani yake.

Tiba

Ivermektini kwa usubi. Fenobabitoni, iliyotumika kwa kifafa tangu 1912, kwa wagonjwa wengi.