Tarehe ya Kisu: Kutoka Kahura 1879 hadi Mwambao wa Kyela

Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa mwambao wa Kyela, alinipigia simu akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji wa dharura. Sasa, katika mimba ya pili, kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kuziba njia ya mtoto, na daktari alikwisha kumpangia siku ya upasuaji. "Shikamoo Mwalimu," alisema, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Tarehe yenyewe iko katikati ya Aprili."

Aliyekulia Kyela hahitaji maelezo zaidi. Aprili ndio mwezi ambao Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani zikiwa zimejaa, zikaingia katika mashamba ya mpunga na mara nyingine katika nyumba za watu. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kadi ni kitu kimoja. Kuifikia tarehe hiyo ni kitu kingine. Umbali uliopo kati ya vitu hivyo viwili una historia, na historia hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame.

Tumezoea kuambiwa kwamba upasuaji wa uzazi ni zawadi ya Ulaya kwa Afrika. Mwaka 1879, Robert Felkin, mmisionari Mwingereza mwenye elimu ya udaktari, alishuhudia upasuaji huo mahali paitwapo Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Alichapisha taarifa yake Edinburgh mwaka 1884. Mama alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na mimba ilikuwa ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaosha nayo tumbo la mama, ndipo akakata. Mishipa iliyovuja ilichomwa kwa chuma cha moto. Mfuko wa uzazi haukushonwa, bali ulikandwa hadi ukajikaza wenyewe. Jeraha lilifungwa kwa pini 7 nyembamba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti, likapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Pini 3 zilitolewa siku ya tatu, 3 nyingine siku ya tano, na ya mwisho siku ya sita. Siku ya kumi na moja Felkin aliandika kwamba jeraha lilikuwa limepona. Mama na mtoto wote walikuwa hai.

Mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu: huu ni ushahidi wa mtu mmoja kuhusu tukio moja. Lakini tuulinganishe na wakati wake. Mjerumani Max Sänger alitetea ushonaji wa mfuko wa uzazi mwaka 1882 tu. Kabla ya hapo, wanawake wengi wa Ulaya waliopasuliwa walikufa. Zaidi ya yote, tuangalie mgawanyo wa kazi pale Kahura. Kukata kulichukua muda mfupi. Kuandaa na kuuguza kulichukua siku kumi na moja. Palikuwa na mshika miguu, mshika tumbo, mtengeneza dawa, na mwenzake mama aliyempokea mtoto kwa muda. Kisu kilikuwa sehemu ndogo ya shughuli ya jumuiya nzima.

Tuelekee kusini, ufukweni mwa Nyasa. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kina jinsi jamii hiyo ilivyozingira uzazi kwa miiko, dawa na ibada. Kuzaliwa kwa mapacha kulihesabiwa kuwa jambo la hatari kwa ukoo mzima, hivyo wazazi walitengwa na kufanyiwa matambiko kabla ya kurudi miongoni mwa watu. Leo tunaweza kuyakataa masharti hayo, na mengine tunayakataa kwa haki. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na fundisho ambalo hospitali zetu zimelisahau: uzazi mgumu haukuwa shauri la mwanamke mmoja na mumewe. Ulikuwa shauri la watu wengi, wenye majukumu yanayojulikana.

Ukoloni ulivuruga mpangilio huo kabla haujaleta mwingine. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 ulifanya mto Songwe kuwa mpaka. Mwaka 1891 waliingia wamisionari wa Moravian na wa Berlin, na baadaye Matema ikawa kituo cha misheni ya Berlin. Katika miaka hiyo ya 1890 Wajerumani walisafirisha meli ya Hermann von Wissmann kwa vipande kutoka Ulaya hadi ziwani. Dola iliyoweza kubeba meli vipande vipande haikukosa uwezo wa kubeba vifaa vya tiba. Ilichagua cha kutanguliza. Tiba kwa mwananchi wa kawaida iliachiwa zaidi misheni, na hadi leo hospitali ya Matema ni ya Kanisa la Kilutheri. Wakati wa Waingereza, wanaume wa Rungwe na Kyela walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na hata ng'ambo ya mipaka. Mke aliyebaki na mimba alibaki pia na jembe.

Taifa huru lilirithi nchi yenye madaktari wachache mno. Jibu lake lilikuwa la busara. Kuanzia mwaka 1963 matabibu wenye uzoefu walianza kufundishwa zaidi na kuwa madaktari wasaidizi, wenye ruhusa ya kufanya upasuaji, ukiwemo wa uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na yale ya madaktari kamili. Hapo hapo Kigoma, Godfrey Mbaruku na Staffan Bergström walieleza jinsi vifo vya uzazi katika hospitali ya mkoa vilivyoshuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, kwa hatua zilizotegemea zaidi rasilimali zilizokuwepo pale pale. Kumbuka miaka hiyo, ndugu msomaji: ni miaka ya ukata mkubwa. Umaskini haukuwa kisingizio.

Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama mwaka 1993. Wajawazito walisamehewa malipo kwa maandishi, lakini mara nyingi msamaha wa maandishi haununui nyuzi, glovu wala mafuta ya gari. Mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi uliahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi kushuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Usafiri wa dharura wa m-mama, kwa namba 115, sasa ni wa nchi nzima. Haya ni mafanikio, na asiyeyakiri si mkosoaji wa kweli.

Lakini m-mama ni jibu la dharura. Upasuaji uliopangwa unauliza swali jingine: je, tunaweza kufika kabla ya dharura? Kwa mwanamke wa mwambao, maandalizi hayaanzi usiku ule anapoacha kula ili apokee ganzi ya uti wa mgongo. Yanaanza miezi kabla: kupima kundi la damu na wingi wake, kutibu malaria na upungufu wa damu, kutafuta ndugu watakaochangia damu, na kuhamia karibu na chumba cha upasuaji kabla mito haijafunga njia. Kwa mwenye kondo lililotangulia, damu inaweza kutoka ghafla wakati wowote. Kwake kungoja nyumbani ni kamari. Ndiyo maana nyumba ya mama ngojea, yenye vitanda, choo na jiko, ni sehemu ya tiba kama kilivyo kisu.

Na kupona je? Tunamwambia mama aanze kutembea ndani ya siku moja, anyonyeshe mapema, alinde kidonda, arudi haraka akiona homa, usaha au damu nyingi, na kwa wiki sita hivi asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Ushauri ni mzuri. Ila ndoo ya maji ya lita 20 ni nzito kuliko mtoto, na mpunga hausubiri kovu likauke. Anayetoa ushauri huo bila kuuliza nani atachota maji ametoa nusu ya ushauri. Tena yapo maneno ya vibarazani, kwamba aliyezaa kwa kisu ni mvivu wa kusukuma. Maneno hayo huwafanya wengine wafiche kovu na kujaribu kuzalia nyumbani mara inayofuata, ilhali mfuko uliopasuliwa unaweza kuchanika wakati wa uchungu.

Mwanafunzi wangu hakungoja Aprili. Mwishoni mwa Februari shangazi yake alimchukua akakae naye mjini, jirani na hospitali. Kaka zake wawili walitoa damu. Mama mkwe alishuka kutoka Tukuyu kulinda nyumba na mtoto mkubwa. Alijifungua salama, na alikaa wiki sita bila kugusa ndoo. Nilipompongeza alinijibu: "Mwalimu, mimi nilikuwa na shangazi."

Jibu hilo ndilo ninalowaachia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Ukoo wake ulitimiza kazi ambayo bajeti ya halmashauri haikuitimiza: malazi, damu, na mikono ya kusaidia. Wanafunzi na wanaharakati wanapodai chumba cha upasuaji, na wadai pia kitanda cha kungojea, benki ya damu isiyokauka, na barabara inayopitika Aprili. Hata Kahura ya mwaka 1879 haikumwachia mama kidonda peke yake. Jamhuri yenye zaidi ya miaka sitini ya uhuru haiwezi kutaka kufanya pungufu ya hapo kwa yule asiye na shangazi mjini.