Sauti ya Sinema na Maradhi Yake



Kijana wa Nyamwage leo hutazama filamu katika simu, wala hana haja ya kuuliza sauti yake inatoka wapi. Zamani sinema ya vijijini ilikuja kwa gari, na gari lililotoka Dar es Salaam kuja upande wetu lilivushwa mto Rufiji kwa kivuko, kwa kuwa Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Filamu iliyosafirishwa katika vumbi na matope iliweza kufika picha zake zikiwa nzuri, lakini sauti inakwaruza au inanguruma. Makala haya yanaeleza historia ya sauti hiyo, maradhi yake, na sababu ya jambo hili kutuhusu hata sasa.

Sauti katika sahani

Mwaka 1935 ulianzishwa Tanganyika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt, nao ulidumu hadi 1937. Filamu zake zilikuwa za milimita 16 na hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Faida yake ilikuwa kubwa: picha ile ile ilisema Kiswahili hapa na lugha nyingine kwingineko, kwa kubadili sahani tu.

Hasara yake nayo haikuwa ndogo. Filamu za sekunde moja ni picha 24. Mkanda ukikatika na fundi akaondoa picha 48 ili auunge, sahani haina habari. Picha hutangulia sauti kwa sekunde 2 mpaka sahani iishe. Dawa ilikuwa kutia vipande vyeusi vyenye idadi ile ile ya picha zilizopotea.

Tangu 1939 Colonial Film Unit ya Uingereza ilitegemea sana filamu zisizo na sauti, na mfasiri akaeleza mambo kwa kipaza sauti. Mwaka 1952 ikaja filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu, iliyochezwa na Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1968 Serikali ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania.

Sauti katika mkanda

Katika nchi za nje, sauti iliyochapwa ndani ya mkanda wenyewe ilikwisha enea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kando ya picha kuna mstari ambao upana wake haufiki milimita 3. Sehemu yake ing'aayo hupanuka na kupungua kwa kufuata sauti. Taa ndogo hupenyeza mwanga mwembamba kama uzi katika mstari huo. Jicho la umeme hupokea mwanga unaozidi na kupungua na kuugeuza kuwa umeme. Amplifaya huukuza, na spika husema. Hapa mkanda ukikatwa, picha na sauti hupotea pamoja, kisha mambo huendelea sawa.

Kutafuta kosa

Fundi hodari hakuanza kwa kuulaumu mkanda. Kwanza alibadili rili. Kosa likitoweka, lilikuwa la mkanda. Likibaki, ni la mashine.

Sauti ikiwa nzito kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, lenzi ya sauti ina uchafu au haikulengwa vema. Sauti ikiyumba kama mlevi, mkanda haupiti kwa mwendo mmoja juu ya gurudumu la sauti. Katika majumba ya sinema ya mjini, yaliyotumia mkanda wa milimita 35, mwanga ukihama na kugusa matundu ya pembeni, mngurumo husikika. Kila picha ina matundu 4 kila upande. Zidisha kwa 24, utapata mitikisiko 96 kwa sekunde. Aliyejua hesabu hiyo aliutambua ugonjwa kwa sikio tu.

Midomo isipolingana na maneno, hapana budi kukagua jinsi mkanda ulivyopitishwa, maana katika mkanda wa milimita 16 sauti huchapwa picha 26 mbele ya picha yake. Lakini msikilizaji aliyeketi mita 100 kutoka kwenye spika husikia kwa kuchelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Huyo asogee mbele!

Makosa ya mkanda ni mengine. Mlio wa "pu" mahali pale pale ni kiungo. Fundi alikipaka wino mweusi kwa umbo la pembe tatu ili mwanga upungue polepole. Mchakato wa daima ni vumbi au mikwaruzo. Vumbi husafishwa, mikwaruzo haifutiki.

Kwa nini tujali

Mkanda ukihukumiwa kwa kosa la mashine, hutupwa pamoja na sauti za watu waliomo. Filamu za Vugiri zilizosalia ni chache sana, na picha iliyopoteza sahani yake imebaki bubu. Adui mwingine ni hali yetu ya hewa ya pwani. Joto na unyevu huozesha mkanda wa asetati mpaka ukanuka siki, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa mikanda ya jirani.

Basi, mzee mwenzangu, ukikuta rili ya zamani stoo, usiichome wala usiipitishe katika mashine kuijaribu. Inuse. Ikinuka siki, itenge na nyingine. Iweke mahali pakavu na penye ubaridi, uandike juu ya kopo yote unayoyajua juu yake, kisha utafute wataalamu wa kuinakili. Nanyi vijana wa fizikia, shikeni desturi ya fundi yule: badilini rili kwanza, ndipo mtoe hukumu.