Ukifika Moshi: Wapi pa Kula, Kahawa Gani Unywe na Hela Yako Inaenda Wapi

Moshi ni mji wa kahawa. Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao makuu yake hapa, mnada wa kahawa umeendeshwa hapa kwa miongo mingi, na ukipanda mlima kidogo tu unakutana na mibuni chini ya migomba. Lakini ukiingia hoteli ya kawaida asubuhi na kusema "naomba kahawa", usishangae ukiletewa maji ya moto, kopo la kahawa ya kuyeyusha na kijiko.

Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanaondoka Moshi bila kuonja kahawa ya Moshi. Yafuatayo ni maelezo ya wapi pa kula, nini cha kuagiza na namna ya kuitambua kahawa yenyewe, iwe umekuja kupanda Kilimanjaro, kusalimia ndugu au umepita tu ukielekea Arusha.

Kwa nini mji wa kahawa unakunywa chai?

Kahawa ya arabika ilifika Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa miaka ya 1890, na misheni ya Kilema ndiyo hutajwa zaidi. Baadaye Wachaga wenyewe wakaanza kulima kwenye vihamba vyao. Mwaka 1925 wakaunda chama cha wakulima, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kimoja kati ya vyama vikongwe vya ushirika barani Afrika.

Lakini kahawa ililimwa ili iuzwe, siyo inywewe. Mkulima alivuna, akamenya, akaosha, akakausha, kisha akapeleka gunia kwenye chama cha msingi. Kukobolewa, kukaangwa na kusagwa kulifanyika mbali na nyumbani kwake, na mara nyingi nje ya nchi kabisa. Kahawa ikawa ada ya shule na mabati ya nyumba. Kwenye kikombe cha asubuhi ikabaki chai ya maziwa.

Hali hiyo inabadilika taratibu. Siku hizi kuna wanaokaanga kahawa mjini hapo hapo, na vijana wa mjini wameanza kuuliza kahawa imetoka kijiji gani.

Kijiwe cha kahawa: rahisi kuliko vyote

Kama una sarafu mfukoni, anza na kijiwe. Muuza kahawa hutembea na birika lililokaa juu ya jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe ili ujue anapita. Wengine hukaa sehemu moja jioni, karibu na msikiti, sokoni au stendi, na wateja huzunguka kwenye benchi.

Kahawa hii ni nyeusi, haina sukari na haina maziwa. Ndiyo maana inaitwa kahawa chungu. Wengine huongeza tangawizi. Utamu unatoka kwenye kashata ya karanga au ya nazi unayotafuna pembeni. Kunywa kidogo kidogo, na acha tone la mwisho, maana chini ya kikombe kuna machicha.

Cha kujua: kijiwe siyo mahali pa kunywa na kukimbia. Pana drafti, pana bao, na pana mjadala wa Simba na Yanga usioisha. Mgeni anakaribishwa, ila salamu ndiyo tiketi. Sema "Shikamoo" kwa wazee, "Habari zenu" kwa rika lako, kisha kaa.

Migahawa ya kahawa katikati ya mji

Hatua ya pili ni migahawa yenye mashine. Mingi iko katikati ya mji, ndani ya mwendo mfupi kutoka mnara wa saa. Maarufu zaidi kwa historia ni Union Café, iliyo kwenye jengo la zamani la KNCU. Kahawa yake inahusishwa moja kwa moja na ushirika wa wakulima, na hukaangwa hapo hapo. Harufu inakufikia kabla ya menyu.

Migahawa ya aina hii hulenga zaidi watalii na watu wa ofisini. Utapata espreso, kahawa ya maziwa yenye povu, keki, sandwichi, juisi ya parachichi au pasheni, na intaneti. Bei iko juu kuliko hoteli za mtaani, wakati mwingine mara kadhaa. Lakini kikombe kimoja kinakupa kiti, soketi ya kuchaji simu na utulivu wa saa mbili, na asubuhi isiyo na mawingu huenda ukauona mlima bila kulipa kiingilio.

Utajuaje kahawa nzuri?

Huhitaji kuwa mtaalamu. Uliza maswali manne tu:

1. Ni ya kusaga au ya kuyeyusha? Swali hili peke yake linakuokoa. Kahawa ya kuyeyusha siyo mbaya na ina wapenzi wake, na Tanzania inaitengeneza yenyewe kwenye kiwanda cha Tanica kule Bukoba. Ila siyo kile ulichokuja kukitafuta Moshi.

2. Imekaangwa lini? Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu baada ya wiki chache, na ikishasagwa hupoteza haraka zaidi. Pakiti yenye tarehe ya kukaangwa ni dalili nzuri.

3. Ni arabika au robusta? Kilimanjaro ni nchi ya arabika. Ina uchachu mwepesi na harufu nzuri. Robusta hulimwa zaidi Kagera, ni chungu zaidi na ina kafeini nyingi zaidi. Ukiambiwa "kahawa ya Kilimanjaro" na unaonja uchungu mzito tu, huenda imechanganywa au imeungua kwenye kikaango.

4. Mnauza punje nzima? Kama unanunua ya kupeleka nyumbani, chukua punje, siyo unga. Kama huna mashine ya kusagia, kinu na mchi vinafanya kazi ile ile.

Asubuhi: supu kabla ya safari

Kahawa peke yake haishibishi. Asubuhi Moshi ni supu na chapati. Hoteli za karibu na stendi na soko la Mbuyuni huanza mapema, kwa sababu wateja wao ni madereva, makondakta na wafanyabiashara. Supu ya ng'ombe, supu ya mbuzi, limao pembeni, pilipili ukitaka.

Lakini ukiiona menyu yenye mtori, simama hapo. Mtori ni ndizi mbichi zilizopikwa na nyama mpaka zikalainika, kisha zikapondwa kuwa supu nzito. Ni chakula cha Wachaga, na kwa desturi mama aliyejifungua hupewa kwa wingi ili apate nguvu. Ni laini, haina viungo vikali, na inakaa tumboni. Kwa mtu anayeanza kupanda mlima siku hiyo, hakuna kifungua kinywa kizuri zaidi.

Mchana: mama ntilie na ndizi

Saa saba mchana foleni ndiyo mwongozo wako. Banda la mama ntilie lenye watu wengi lina maana mbili: chakula ni kitamu, na sufuria haijalala. Kwa kawaida utakuta wali, ugali, maharage, mchicha, samaki au nyama, vyote kwenye sahani moja.

Kilicho tofauti na miji mingine ni ndizi. Ukisoma "machalari", ni ndizi zilizopikwa pamoja na nyama na mchuzi wake. "Kiburu" ni ndizi na maharage vilivyopikwa na kupondwa pamoja. "Kitawa" ni ndizi na maziwa mgando. Siyo kila banda linapika vyote kila siku, hivyo uliza kwanza: "Mama, leo kuna ndizi gani?" Swali hilo litakupa jibu, na mara nyingi pia nyongeza kidogo ya mchuzi.

Kwa wasiotaka ndizi, chipsi mayai zipo kila kona. Ijumaa mchana, pilau na biriani hupatikana kwa urahisi zaidi. Jamii ya Wahindi imeishi mjini hapo kwa muda mrefu, hivyo sambusa, chapati za tandoo na vyakula vya mboga tupu havikosekani.

Jioni: nyama choma na mbege

Jua likizama, moshi wa nyama unaanza. Utaratibu ni ule ule wa Tanzania nzima: unachagua kipande, kinapimwa kwa kilo, unakubaliana bei kabla hakijaingia motoni, kisha unasubiri. Subira hapa ni sehemu ya chakula. Agiza ndizi za kuchoma pembeni badala ya chipsi.

Mbege ndiyo pombe ya asili. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na gamba la mti wa msesewa huipa uchungu wake. Kwa desturi hunywewa kwa kata, na kata hupita kutoka mkono hadi mkono. Ina ladha ya uchachu, ni nzito kama uji mwepesi, na huingia taratibu. Tahadhari ni moja: inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Usinywe kisha ukaendesha, na kama unapanda mlima kesho, onja tu.

Nje ya mji: kahawa kutoka mtini hadi kikombeni

Kama una nusu siku, nenda Materuni, upande wa Uru, takriban kilomita 15 kutoka mjini. Wengi huenda kwa ajili ya maporomoko ya maji, lakini wenyeji pia huonyesha kahawa hatua kwa hatua. Unachuma, unamenya, unatwanga kwenye kinu, unapepeta, unakaanga juu ya moto wa kuni, unatwanga tena, unachemsha. Kikombe unachokunywa mwishoni umekifanyia kazi mwenyewe.

Marangu, takriban kilomita 40 kutoka Moshi, nako kuna vihamba vinavyopokea wageni. Msimu wa mavuno Kilimanjaro huanzia katikati ya mwaka na kuendelea hadi mwishoni mwa mwaka, hivyo ukitaka kuona matunda mekundu mtini, panga miezi hiyo. Machi hadi Mei ni masika. Njia zinateleza na pikipiki hugoma kwenye vilima.

Kabla ya kuondoka mjini, kubaliana bei yote: usafiri, kiingilio, kiongozi, kahawa na chakula. Ugomvi mwingi huanzia kwenye "tutaongea huko huko".

Hela yako inaenda wapi?

Hesabu ndogo inafungua macho. Inahitajika takriban kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya kahawa iliyokobolewa. Ikikaangwa, hupungua uzito kwa kati ya asilimia 15 na 20. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, ukitumia gramu 10 kwa kikombe, inatoa vikombe 100. Maana yake kila kikombe kimebeba takriban gramu 60 hadi 75 za matunda yaliyochumwa kwa mkono, moja moja.

Sasa linganisha bei ya vikombe 100 mgahawani na bei ya kilo moja ya kahawa ghafi. Tofauti hiyo kubwa ndiyo mkulima amekuwa akiikosa. Bei ya arabika hufuata soko la New York, na mkulima wa Kibosho au Machame hana la kusema kule. Mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ulipovunjika mwaka 1989, bei zilianguka, na katika miaka iliyofuata wengi Kilimanjaro waliiacha mibuni izeeke au wakaing'oa wakapanda mboga na ndizi. Magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yakaongeza maumivu, ingawa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungu wilayani Hai, imetoa aina mpya zinazostahimili.

Ndiyo maana kikombe kinachonywewa Moshi kina uzito wake. Kahawa inapokaangwa na kuuzwa karibu na shamba, sehemu kubwa zaidi ya hela hubaki mlimani: kwa anayekaanga, anayesaga, anayehudumia, na mkulima akiuza moja kwa moja. Bila hivyo, kijana wa kihambani hana sababu ya kuubakiza mbuni wa babu yake.

Mambo ya kukumbuka

– Beba noti ndogo na sarafu. Vijiwe na mabanda hayana chenji kila mara, ingawa wengi hupokea malipo kwa simu.

– Wakati wa Ramadhani baadhi ya vijiwe na hoteli hufunga mchana na kuchangamka baada ya futari.

– Juni hadi Agosti ni baridi, hasa asubuhi na vijijini. Koti ni lazima.

– Ukinunua kahawa kijijini, nunua kwa mwenye kihamba mwenyewe, uliza imekaangwa lini, na usishushe bei kama unanunua nyanya.

– Na hotelini, usiseme "naomba kahawa" tu. Sema: "Naomba kahawa ya kusaga." Wakijibu hawana, angalau wamejua kuna mteja anaitaka.