Waya wa Shaba Mtoni

Sisi wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, tumezoea kuihesabu shaba kwa tani. Kumbe hata ikiwa nyembamba karibu kama unywele ina kazi! Huko Uingereza mabwana wengi walishikilia kwamba samaki trauti avuliwe kwa mdudu wa bandia aeleaye tu. Kumtega chini ya maji, ati, si uungwana. Lakini Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon, alijua trauti hula sana wadudu wachanga wakaao majini. Akaacha uzi, akazungushia ndoana waya wa shaba pamoja na nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege fesanti. Shaba ikawa mwili wa mdudu na uzito wa kumzamisha. Mwaka 1958 akayaeleza hayo kitabuni. Mdudu akiisha kuzama, mvuvi huinua fimbo taratibu. Trauti, akidhani chakula chamtoroka, hukidaka.