Kalkuleta Iliyomfungia Fundi Mlango

Kutoka fleti za Kikwajuni, zile tulizojengewa na Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, ukapita Kisiwandui hadi Darajani, ni mwendo mfupi wa miguu. Mimi niliuenda na kalkuleta mbili mfukoni, ya zamani na mpya, kutafuta fundi wa kuzifungua.

Historia ya chombo hiki ni historia ya kuikimbia betri. Mwaka 1971 Busicom ya Japani ilitoa LE-120A, kalkuleta ya mfukoni yenye chipu moja. Tarakimu zake ziliwaka nyekundu, na huko kuwaka ndiko kulikomaliza betri. Mwaka uliofuata Clive Sinclair wa Uingereza aliuza Executive kwa pauni 79.95, unene wake kama sentimita moja, inayotumia betri ndogo za vifungo. Ujanja wake naupenda mpaka leo: chipu ilikatiwa umeme na kurudishiwa mara nyingi kila sekunde, kwani hata ikikatiwa iliweza kushika hesabu yake kwa kitambo kidogo. Hao hao waliotujengea fleti nao wakatoa minirex 73, kutoka kiwanda cha Mühlhausen.

Taa nyekundu hazikudumu. Sharp ilileta EL-805 mwaka 1973, yenye kioo kisichojiwakia chenyewe. Betri moja ya kawaida ikatosha saa 100 hivi. Mwishoni mwa muongo ikaja sola. Mwaka 1983 Casio ikatoa SL-800, unene wa milimita 0.8, kadi ya kutia kwenye pochi.

Unguja ilimfungulia mlango mfanyabiashara mwaka 1984, bidhaa za Dubai zikaanza kumiminika. Kwa wengi wetu kalkuleta ilianzia hapo, kioo cha kijivu na kidirisha cha sola juu yake. Ile nyekundu ilitupita.

Fundi aliianza ya zamani. Skrubu nne, kifuniko kikatoka. Springi ya betri ilikuwa imeota kutu ya kijani. Akaisugua kwa mswaki na spiriti, ikawaka. Mpya ilikuwa inakatakata namba, nane inasomeka kama tatu. Ndani mna kibao kidogo, tone jeusi la gundi lililofunika chipu, na utepe laini uliobandikwa kwa joto kwenye kioo. Akapitisha ncha ya pasi ya kulehemu juu ya utepe, taratibu. Nane ikarudi.

“Lakini hilo tone jeusi, bwana, siligusi. Likifa, umekwisha.”

Nikamwuliza kuhusu sola. Akachomoa betri, akaipeleka kalkuleta juani mlangoni. Kioo kikabaki kitupu. Akakigeuza kile kidirisha: nyuma yake hapana waya hata mmoja, plastiki tu iliyochorwa mistari.

“Pambo hilo, sheikh. Nipe elfu mbili ya utepe.”