Nuru, Lenzi na Hesabu ya Pikseli

Kila chombo kina sifa za kweli na sifa za dukani. Sifa za kweli hudhihirika kazini. Sifa za dukani huandikwa juu ya sanduku. Katika historia fupi ya kamera za kidijitali, sifa ya dukani iliyovuma kuliko zote ni wingi wa pikseli, yaani nukta ndogo sana ambazo zikikusanyika hufanya picha. Insha hii yataka kuonyesha kwamba uzuri wa picha haukupata kutegemea hesabu hiyo peke yake.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Katika miaka iliyofuata, Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika koloni la Wajerumani, na nyingi kati ya hizo zimo leo katika Hazina ya Nyaraka ya Taifa la Ujerumani. Wapiga picha wa zama zile walitumia zaidi mabamba ya kioo. Bamba moja la sentimita 13 kwa 18 lina eneo linalopita mara 27 eneo la fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36, ambayo Leica iliieneza tangu mwaka 1925. Kwa hiyo picha nyingi zilizopigwa kwa mabamba kabla ya babu zetu kuzaliwa huonyesha mshono wa kanzu na mishipa ya jani, ilhali picha nyingi za filamu za baadaye zina chenga tupu. Wepesi wa chombo ulinunuliwa kwa kupoteza ukubwa wa mahali nuru inapopokelewa.

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye nukta 10,000 tu, na kuihifadhi katika kaseti kulichukua sekunde 23. Wakati huo kuongeza nukta kulikuwa haja ya kweli. Lakini picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo wateja wengi wa studio huitaka, hutosheka kwa pikseli milioni 2 hivi. Kiwango hicho kilipokwisha kupitwa, viwanda viliendelea kushindana kwa tarakimu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtu wa Handeni, ambako shida ya maji imesumbua watu miaka mingi, ataelewa jambo hili upesi. Mvua inyeshapo, maji anayokinga mtu hutegemea upana wa paa lake, wala si idadi ya ndoo alizozipanga chini ya mfereji. Akiongeza ndoo bila ya kuongeza bati, kila ndoo hupata maji machache zaidi. Katika kamera, paa ni kihisi kinachopokea nuru, na ndoo ni pikseli. Nuru ikiwa haba katika kila pikseli, picha huingia chenga, hasa jioni na ndani ya nyumba. Canon yenyewe ilitoa ushahidi: kamera ya PowerShot G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na pikseli milioni 14.7, iliyoifuata mwaka 2009, G11, ilirudishwa kwenye milioni 10, na ukubwa wa kihisi haukubadilika.

Mbele ya kihisi ipo lenzi, na mbele ya lenzi ipo nuru yenyewe. Lenzi dhaifu au yenye vumbi hupeleka ukungu, na pikseli nyingi huuhesabu ukungu huo kwa uaminifu. Tena ipo hukumu ya kipimo cha nuru, na hapa pana jambo linalotugusa sisi zaidi. Kwa miaka mingi, maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Kamera ya kidijitali nayo yaweza kukosea kwa namna yake. Mwanafunzi mweusi aliyevaa shati jeupe akisimamishwa mbele ya ukuta mweupe, kamera hudhani nuru imezidi, huipunguza, na uso wa mtoto hugeuka mkaa. Jua la saa sita nalo humtia vivuli machoni. Dawa yake haina bei: mpiga picha amsogeze barazani penye kivuli, amwelekeze kwenye mwanga, na aiamuru kamera iongeze nuru.

Jambo hili si dogo. Mara nyingi picha ya kitambulisho ndiyo inayobaki mtu akifariki, ikakuzwa na kutundikwa ukutani, na wajukuu wakamjua babu yao kwa hiyo tu. Uso uliopotea siku ya kupigwa picha haurudishwi na pikseli.

Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2020 zilikuwa chini ya milioni 10, kwa kuwa simu zimechukua nafasi yake. Simu hizo huunganisha picha kadhaa kuwa moja ili kufidia udogo wa kihisi, na huo ni ukiri kwamba nuru ndiyo iliyopungua. Basi mnunuzi wa Korogwe au wa Handeni na aulize kwanza habari za nuru, kisha lenzi, kisha upana wa kihisi. Hesabu ya pikseli na aiulize mwisho.