Kiigizi cha urubani, mfumo endeshi mpya, na fremu zilizopotea: kisa kinachoanzia 1982

Leo nina kisa kilichoanza kama tatizo dogo la kompyuta ya jirani, kikanirudisha nyuma zaidi ya miaka 40.

Jirani yangu hapa Eldoret ana kijana aliyemaliza kidato cha nne. Anataka kuwa rubani. Karo ya shule ya urubani haipo, kwa hiyo anajifunza kwa alichonacho: laptopu ya mtumba na kiigizi, yaani programu ya kuigiza urubani. Jioni baada ya jioni anatua katika uwanja wetu wa ndege, ambao marubani wote duniani wanaujua kwa herufi nne, HKEL. Wiki moja aliamua kuingiza toleo jipya la mfumo endeshi. Alilala akiwa na fremu 28 kwa sekunde, akaamka akiwa na 9.

"Anko, mashine imekufa," aliniambia. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake. Yeye hakuuliza habari za fremu. Aliuliza hivi: "Fundi, niambie ukweli. Nitoe magunia ya mahindi nimnunulie nyingine, au hii itapona?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo, maana najua familia nyingi zimeshauza kitu kwa sababu ya jibu la haraka la fundi.

Fremu 9 zina ubaya gani?

Picha unayoiona kwenye kiigizi ni mfululizo wa picha zilizosimama, na kila moja ni fremu. Kwa fremu 28, picha mpya inakuja karibu kila baada ya milisekunde 36. Kwa fremu 9, unasubiri milisekunde 111.

Sasa weka hesabu hiyo hapa kwetu. Uwanja wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kama asilimia 19 pungufu ya ile ya Mombasa. Ndege ikija kutua huku mshale wa kasi ukisoma noti 140, kasi yake halisi ni kama noti 155, yaani karibu mita 80 kila sekunde. Kwa fremu 28 ndege inasogea mita tatu hivi kati ya picha moja na nyingine. Kwa fremu 9 inaruka karibu mita tisa. Rubani anatakiwa kuinua pua ya ndege kwa wakati wake hasa kabla magurudumu hayajagusa lami, na kijana huyu alikuwa anafanya hivyo kwa kubahatisha. Kujifunza kwa namna hiyo ni kujifunza makosa.

Mwanzo: hakukuwa na mfumo endeshi kabisa

Ili kujua fremu zilikwenda wapi, turudi mwaka 1982. Bruce Artwick, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa ameshatengeneza kiigizi cha kompyuta ya Apple II kupitia kampuni yake ya subLOGIC. Microsoft ikachukua leseni, na Novemba 1982 Microsoft Flight Simulator toleo la kwanza likatoka kwa ajili ya IBM PC, kompyuta yenye kichakata cha megahezi 4.77.

Hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Programu hiyo haikuanzishwa kutoka DOS. Uliweka diski laini, ukawasha kompyuta, na kiigizi chenyewe ndicho kilichoamka. Kati ya programu na mashine hakukuwa na mtu wa kati. Kiigizi kiliandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini na kusoma vitufe chenyewe, kwa sababu hakikuwa na nguvu ya kumlipa dalali yeyote.

Ndiyo maana watengenezaji wa kompyuta zilizoiga IBM waliitumia kama kipimo. Programu mbili zilipata sifa hiyo: Lotus 1-2-3 na Flight Simulator. Zikiendeshwa bila kukwama, basi mashine yako ilikuwa imeiga kweli kweli. Kufikia toleo la 3, mwaka 1988, kiigizi kilikuwa kinaanzishwa kutoka DOS, lakini hata DOS ilikuwa bawabu tu. Ilikufungulia mlango kisha ikakaa pembeni.

Windows inaingia katikati

Windows haikuwa bawabu. Ilitaka kusimamia skrini, sauti na kumbukumbu yenyewe, ili programu nyingi ziishi pamoja bila kugombana. Watengenezaji wa michezo walilalamika kuwa kupitia huko ni kupoteza kasi. Jibu la Microsoft lilikuwa DirectX, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995: njia ya mkato ambayo programu inaipitia kuifikia kadi ya picha kwa haraka, lakini chini ya macho ya Windows. Flight Simulator ya Windows 95 ikafuata mwaka 1996, na ile iliyoitwa 98 ikatoka 1997 ikijua kutumia kadi za 3D. Ni miaka hiyo hiyo ambapo uwanja wetu ulikuwa unaanza kupokea ndege.

Kuanzia hapo, fremu zako hazitegemei kichakata na kadi peke yake. Zinategemea pia draiva, ile programu ndogo inayotafsiri maneno ya mfumo endeshi yawe maneno ya kadi. Dereva akiwa mgeni wa barabara, hata basi jipya litachelewa.

Mwaka 2007, mwaka wa vilio

Flight Simulator X ilitoka Oktoba 2006. Windows Vista ikaingia madukani Januari 30, 2007. Watu wakanunua vyote viwili, wakatarajia mambo makubwa, wakapata vilio. Kulikuwa na sababu kadhaa, na inafaa tuzitenganishe.

Kwanza, Vista ilikuja na mpango mpya kabisa wa draiva za picha, unaoitwa WDDM. Draiva zilizokuwa zimesuguliwa kwa miaka mingi juu ya XP zililazimika kuandikwa upya. Zile za kwanza zilikuwa changa, na kadi ile ile ikaonekana imezeeka usiku mmoja.

Pili, kiigizi chenyewe kilikuwa kizito. Kazi yake kubwa ilifanywa na kiini kimoja cha kichakata, wakati soko lilikuwa limeshahamia viini viwili na vinne. Kiraka cha kwanza cha mwaka 2007 ndicho kilichogawa sehemu ya kazi ya kupakia ardhi na picha zake kwa viini vingine.

Tatu, na hili ndilo lililofichika zaidi, kulikuwa na suala la anwani za kumbukumbu. Programu ya biti 32 ilipewa gigabaiti 2 tu za anwani, hata kama kompyuta ilikuwa na kumbukumbu zaidi. Vista ilivyotoka mara ya kwanza ilitumia anwani hizo pia kwa ajili ya vitu vilivyokuwa ndani ya kadi ya picha. Mtu aliyenunua kadi kubwa ili apone alijikuta anaishiwa anwani mapema zaidi. Kitu alichokinunua kama dawa kilikuwa kinamwongezea ugonjwa! Microsoft ilitoa kiraka cha jambo hilo Agosti 2007.

Hebu fikiria ni watu wangapi duniani walitoa pesa kati ya Januari na Agosti mwaka ule kutibu tatizo lililoondoka kwa faili moja ya bure.

Mafundi wa kujitegemea

Januari 2009 Microsoft ilifunga ACES, studio iliyokuwa inaunda kiigizi hicho. Windows 7 ikatoka Oktoba mwaka huo, na watumiaji wakabaki wenyewe. Wakajifunza kufungua faili ya mipangilio, fsx.cfg, na kuihariri kwa mkono. Mstari mmoja mfupi, HIGHMEMFIX=1, uliwaokoa wengi ambao sehemu za ndege zao zilikuwa zinageuka nyeusi au kutoweka. Mingine ilikuwa hirizi tu: mtu anaongeza mistari 10, fremu zinapanda mbili, naye hajui ni mstari upi uliosaidia. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo vizuri. Ukibadilisha mambo 10 kwa mara moja, hujajifunza lolote.

Mashine za leo

Microsoft Flight Simulator ilirudi Agosti 2020 ikiwa na dunia nzima inayotiririka kupitia intaneti. Iliomba nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski, na mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde kwa uchache. Mwaka uliofuata ikaja Windows 11, na pamoja nayo mtu mwingine wa kati. Safari hii ni mlinzi. Kuna kipengele kinachosomeka Memory integrity kwenye skrini, ambacho huzuia programu haramu zisijipenyeze kwenye kiini cha mfumo. Katika kompyuta nyingi mpya, au zilizosakinishwa upya kutoka mwanzo, mlinzi huyo huwa kazini tayari, na analipwa kwa fremu chache. Mwaka 2022 Microsoft yenyewe ilieleza jinsi wacheza michezo wanavyoweza kumpumzisha, ikionya kwamba kompyuta inabaki wazi kwa hatari.

Swali hili limekuwa la watu wengi, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Wengi wanahama kwa kulazimika.

Turudi kwa laptopu ya jirani

Kijana alikuwa na mashaka na kila kitu, hata na hewa yetu. Alisoma mahali kwamba vifaa vya elektroniki hupoa kwa shida zaidi milimani. Ni kweli, feni inasukuma hewa nyepesi. Lakini nilimwambia, hewa ya Eldoret haikubadilika usiku ule. Vumbi la ndani ya feni pia halikubadilika. Kilichobadilika ni kimoja, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Tulianza kwa kupima. Nilimwambia aweke ndege mahali pamoja, saa ile ile, hali ya hewa ile ile, kwenye kichwa cha barabara ya kurukia. Fremu 9. Kisha tukapunguza ukubwa wa picha kwenye skrini, bila kugusa kitu kingine. Fremu zikapanda hadi 19. Jaribio hili dogo lina maana kubwa. Ukipunguza picha na fremu zisipande, anayechoka ni kichakata. Zikipanda hivyo, anayechoka ni upande wa picha.

Tukafungua orodha ya vifaa. Laptopu ile ina chipu mbili za picha, moja dhaifu ya kuokoa betri na moja yenye nguvu. Ile yenye nguvu ilikuwa imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Maneno hayo yana maana kwamba mfumo hauna draiva halisi ya kadi hiyo. Chipu yenye nguvu ilikuwa imekaa bure, na ile dhaifu ndiyo iliyobeba ndege nzima.

Tulipakua draiva kutoka kwa aliyeitengeneza chipu, tukaiweka, tukawasha upya. Bado 9! Kijana akashika kichwa. Kumbe kwenye mipangilio ya michoro, mfumo mpya ulikuwa umekipangia kiigizi chipu ya kuokoa umeme. Tukabadilisha hapo, tukarudi kichwani mwa barabara ile ile.

Fremu 27.

Ile moja iliyobaki hatukuitafuta. Mlinzi wa kumbukumbu nilimwacha kazini, kwa sababu laptopu hiyo hiyo ndiyo familia inayotumia kwa mambo ya pesa.

Ukipatwa na haya, fuata mpangilio huu: pima kwanza, tena mahali pamoja. Punguza picha ujue nani anachoka. Angalia draiva. Angalia ni chipu ipi inayotumika. Angalia mpango wa umeme, maana laptopu iliyo kwenye betri hujibana. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, upime tena. Na usichelewe kuamua: ukihama kwa njia ya kawaida, Windows hukupa siku 10 za kurudi toleo la zamani, baada ya hapo mafaili yale hufutwa.

Sitadanganya kwamba kila mashine hupona. Ikiwa mtengenezaji wa chipu ameshaacha kutoa draiva za mfumo mpya, huenda ukalazimika kununua. Lakini nunua baada ya kupima. Tangu 1982 kila toleo jipya limeongeza mtu wa kati, mara nyingi kwa sababu nzuri, na mara nyingi fremu zilizopotea ziko mikononi mwake. Chuma chako ni kile kile cha jana.

Mzee aliuliza mara moja tu: "Kwa hiyo mahindi yabaki ghalani?" Nikamwambia yabaki. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Kijana hakutuangalia. Alikuwa anakuja kutua HKEL, pua imeinuka, na safari hii aliiinua kwa wakati wake.